Kioo cha plastiki kwenye Impreza ya rali: kwa nini kimepasuka, na ufunge nini mahali pake

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Moshi, Pasua. Nina Subaru Impreza ya 1998, ya milango minne, ninayoiandaa kwa mbio za klabu, lakini siku za kazi ndiyo inayonipeleka Boma Ng'ombe na kunirudisha. Nimeshauriwa nipunguze uzito kwa kutoa vioo na kuweka vya plastiki. Fundi mmoja wa mabango alinikatia perspeksi ya milimita 3, tukaifunga dirisha la nyuma kwa riveti pande zote. Wiki ya tatu nyufa zimeanza kwenye matundu ya riveti na kona moja imemeguka. Tulikosea wapi? Ninunue plastiki gani, unene gani, na je, naweza kubadilisha vyote mpaka cha mbele?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hicho kilichopasuka, maana ndani yake kuna nusu ya majibu uliyoyaomba. Halafu nitakuambia na jambo ambalo hukuliuliza, la kutoka ndani ya gari likiwa limelala ubavu, ambalo kwangu ni zito kuliko kilo zote unazotaka kuzipunguza.

Ulichouziwa ni akriliki. Perspeksi ni jina la kibiashara tu, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Ndiyo hiyo ya mabango ya maduka na ya vikombe vya tuzo, na kwa kazi hizo ni plastiki safi: inapitisha mwanga vizuri kuliko kioo chenyewe, na jua haliigeuzi njano upesi. Ubaya wake kwenye gari ni kwamba haikubali kupinda. Ikizidiwa inakatika, tena inakatika vipande virefu vyenye ncha. Kioo cha mlangoni kilichotoka kiwandani kimepikwa makusudi ili kikivunjika kimwagike punje punje kama chumvi ya mawe. Akriliki haina huruma hiyo. Kwa hiyo hata kama nyufa zako zisingetokea, ningekuomba uitoe kabla hujampakia msoma ramani wako.

Sasa riveti. Riveti ikivutwa hutanuka ndani ya tundu mpaka ikalijaza, kisha kichwa chake kikaibana shiti kwenye bodi. Bati kwa bati, hiyo ndiyo kazi tunayoitaka. Kwenye plastiki umeinyima shiti nafasi ya kutembea, na papo hapo umeacha mkazo usiolala kuzunguka kila tundu. Na kama mlitoboa kwa drili ya kasi na biti butu ya chuma, kila tundu lilibaki na vijiufa ambavyo jicho halivioni, vikingoja siku yao.

Siku yenyewe huwa ya jua. Fanya hesabu pamoja nami. Dirisha lako la nyuma chukulia lina upana wa mita 1.2. Asubuhi Moshi unalikuta gari lina nyuzi 18. Saa saba mchana limeegeshwa juani, na plastiki yake inaweza kufika nyuzi 58. Tofauti ni nyuzi 40. Akriliki hutanuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kioo chako kimerefuka milimita 3.4. Bodi ya chuma, kwa hesabu hiyohiyo, imerefuka kama milimita 0.6 tu. Hizo karibu milimita 3 zilizobaki zinatafuta pa kwenda, na riveti kila upande zimekataa. Jioni hewa ya mlima ikishuka, kioo kinajikunja tena na kuvuta kwa upande wa pili. Hivyo kila siku kwa wiki tatu. Ajabu ni kwamba kilidumu mpaka wiki ya tatu.

Nimekaa sana hapo kwa sababu nitakachokwambia ununue, yaani polikaboneti, kinatanuka karibu sawasawa na akriliki. Ukienda kununua polikaboneti ya bei kubwa halafu ukaichapa riveti, umenunua muda tu. Wengi wanaokuja kwangu wanauliza plastiki gani, wachache wanauliza itapumulia wapi. Na hilo la pili ndilo linaloamua kama kioo kitafika mwakani.

Polikaboneti unaijua tayari. Taa za mbele za magari mengi ya siku hizi zimefunikwa kwa plastiki hiyo. Iligunduliwa 1953, mwaka mmoja, na watu wawili waliokuwa mbali mbali: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Fox alikuwa akitafuta kitu cha kufunikia nyaya za umeme. Donge likamgandia kwenye kijiti cha kukorogea, akaligonga na kuligongesha sakafuni, lisivunjike. Sifa hiyo ndiyo tunayoilipia. Polikaboneti ikipigwa na jiwe la barabarani inabonyea au inaacha kovu, haimwagiki.

Kwa kuwa plastiki hizi mbili zinafanana dukani kama mapacha, usiondoke bila kuijaribu. Omba kipande chembamba cha masalia, kibane kwenye jiliwa, kivute kwa koleo ukiwa umevaa miwani ya kazi. Akriliki itakatika kwa mlio. Polikaboneti itakunjika mpaka pembe mraba na kubaki imekunjika. Ukitaka uhakika zaidi, nenda nje na kiberiti: akriliki inaendelea kuwaka kwa mwali safi na kutoa harufu tamu kama ya matunda, polikaboneti inatoa moshi mweusi wa masizi, na ukiondoa moto nayo inaelekea kuzimika. Muuzaji akikukatalia kipande cha kujaribia, nenda kwa mwingine. Na jihadhari na polikaboneti ya mapaa, ile yenye vijishimo ndani kama boksi: ni polikaboneti kweli, lakini huwezi kuona barabara kupitia humo. Unataka ya bapa, iliyojaa, inayopitisha picha bila kuipinda.

Ndani ya polikaboneti yenyewe kuna madaraja. Ile tupu, isiyopakwa kitu, ni laini. Ukiifuta vumbi kwa kiganja kikavu umeshaiharibu. Tena jua linaila. Angalia taa za Noah na Corolla za zamani hapo stendi ya Moshi, zilivyogeuka njano na ukungu: hiyo ni polikaboneti ambayo kinga yake ya juu imekwisha. Na kwetu jua halichezi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa, na kadiri unavyopanda ndivyo miale mikali inavyoongezeka. Kwa hiyo tafuta yenye tabaka la kuzuia miale ya jua, na kwa mahali panapofutwa mara kwa mara, tafuta yenye tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo pande zote mbili. Nyingine zimekingwa na jua upande mmoja tu, na upande huo umeandikwa kwenye karatasi ya nailoni iliyogandishwa juu yake. Kabla hujabandua nailoni hiyo, weka alama ya maka kwenye kona. Nimepokea gari lenye kioo kilichofungwa kikiwa kimegeuzwa, kinga iko ndani, na mwenyewe anashangaa kwa nini kimefifia.

Kuhusu unene, milimita 3 inatosha kwa vidirisha vidogo visivyosogea. Kwa dirisha la nyuma na milango chukua 4. Hiyo 3 kwenye eneo kubwa itapiga ngoma njia nzima, na mtetemo ni njia nyingine ya kuzaa nyufa.

Sasa tuzungumze uzito kwa ukweli, maana hapa vijana wengi wanadanganyana. Kioo kina kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, polikaboneti kilo 1,200. Kwa unene wa milimita 4, mita moja ya mraba ya kioo ni kilo 10, ya polikaboneti ni 4.8. Chukulia milango yako minne na dirisha la nyuma vina jumla ya mita za mraba 2.2: umetoa kilo 22, umerudisha kama 10.6. Faida ni kilo 11 na kitu. Dumu la lita 20 la petroli lina karibu kilo 15. Yaani ukipima mafuta yako vizuri siku ya mbio, umeshinda vioo vyote kabla hujashika drili. Kilichobaki cha kutetea plastiki ni kwamba kilo hizo 11 ziko juu, kwenye kiwiliwili cha gari, na gari lililopunguziwa uzito juu halilali sana kwenye kona. Faida hiyo utaihisi kwenye kona za changarawe. Lakini iwe kazi ya mwisho, si ya kwanza. Kama bado hujafunga kizimba cha mabomba, viti vya mbio na mikanda, iweke shiti ya plastiki stoo na uanze na hivyo.

Kioo cha mbele usikiguse. Kile ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando katikati. Jiwe likikipiga kinapasuka na kubaki mahali pake. Waipa juu ya plastiki, na vumbi letu hili la majivu ya volkano, ni msasa. Hata tabaka gumu litachoka. Mikwaruzo hiyo mchana huioni. Utaiona saa moja jioni ukiteremka Kikafu, Fuso linakuja na taa zote, na kioo kizima kinageuka maziwa mbele yako. Gari hili linakupeleka kazini, sikushauri kabisa.

Milango ya mbele nayo ningeiacha na vioo vyake, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Impreza yenyewe. Milango ya kizazi hicho haina fremu juu. Kioo kinasimama peke yake na kuegemea raba ya bodi. Gari likikimbia, hewa inayopita kando inakivuta kioo kwenda nje. Kioo ni kigumu, kinahimili. Shiti ya polikaboneti ya milimita 4 inapinda kwa nguvu hiyo, inaachana na raba, na unaanza kusikia filimbi, kisha vumbi linaingia kama moshi. Zaidi ya hapo, kioo kinachopanda na kushuka kinasuguana na vumbi lililojificha kwenye raba za mlango. Plastiki itachorwa mistari ya wima siku ya kwanza.

Sababu ya pili ndiyo ile niliyosema hukuiuliza. Siku moja kwenye njia za vumbi nyuma ya Monduli nilifika kwenye gari lililolala ubavu, mlango wa juu umebana, harufu ya petroli imetanda. Tulivunja kioo cha mlango kwa ncha ya nyundo, sekunde mbili, tukawavuta wote wawili kupitia hapo. Kingekuwa polikaboneti iliyofungwa kwa bolti kumi, ile nyundo ingedunda. Ugumu uleule unaotukinga na mawe ungewafungia ndani. Tangu siku hiyo sifungi plastiki isiyofunguka kwenye mlango wa dereva wala wa msoma ramani, hata nilipwe nini. Kwenye vioo hivyo vya mbele bandika utando wa usalama usio na rangi upande wa ndani, ili kikivunjika punje zisiwarukie usoni, na weka nyundo ya dharura na kisu cha kukatia mkanda mahali ambapo nyote wawili mnafikia mkiwa mmefungwa mikanda. Mkiwa mmekaa, jaribuni kuvifikia. Msikisie.

Kabla hujakata chochote, pata kanuni za daraja lako. Mchezo huu nchini uko chini ya Chama cha Magari, AAT, kwa niaba ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na yapo madaraja yanayotaka vioo vya kiwandani vibaki vilevile. Mkaguzi akikukuta na plastiki mahali pasiporuhusiwa, hutaruhusiwa kuanza mbio. Kwa upande wa barabara ya kawaida, ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 ya vioo vya magari, inayoitambua plastiki ngumu, na shiti iliyopimwa kwa kanuni hiyo huwa na alama ya 43R. Ukiweza kuipata yenye alama, ichukue hiyo, na mweleze wakala wako wa bima kabla ya kufunga.

Basi kwako wewe inabaki dirisha la nyuma na milango miwili ya nyuma. Kama mita za mraba 1.4, karibu kilo 7, pamoja na mashine za vioo na mota za milango ya nyuma ambazo nazo zitatoka. Shiti nzima mara nyingi ni mita 2.05 kwa 3.05, kubwa kuliko haja yako. Tafuta mwenzako mwenye gari la mbio mgawane.

Dirisha la nyuma nakuelekeza kwa urefu, maana ndilo ulilolikosea.

Kama kioo cha zamani bado unacho, hicho ndicho kiolezo chako. Kama ulishakivunja, chukua boksi la friji ukate na kujaribia mpaka likae. Shiti iwe ndogo kuliko uwazi wa bodi kwa milimita 3 kila upande. Kata shiti nailoni ikiwa bado juu yake, nayo imelala bapa mezani na imebanwa karibu na msumeno. Tumia jigiso, ule msumeno mdogo wa umeme, yenye meno madogo, mwendo wa wastani. Ukienda kasi plastiki inayeyuka na kuganda nyuma ya msumeno. Ukienda taratibu mno inatetemeka. Usijaribu kuikwaruza na kuivunja kama wanavyofanya mafundi wa vioo, polikaboneti haivunjiki hivyo.

Kingo ndizo zinazoamua uhai wake. Kila jino la msumeno limeacha mkato mdogo, na kila mkato ni mwanzo wa ufa. Piga faili, kisha msasa namba 240, kisha 400, mpaka ukipitisha kidole pembeni kisikwame popote. Kona zote ziwe za mviringo. Usiache kona kali. Kazi hii inachosha, na ndiyo watu wanaoiruka.

Matundu: kwa bolti ya milimita 5 toboa tundu la milimita 8. Ndiyo, 8. Ile nafasi ya milimita moja na nusu kila upande ndiyo pumzi ya kioo chako. Katikati ya tundu pawe mbali na ukingo angalau mara mbili ya upana wa tundu, yaani milimita 16 au zaidi, na bolti ziachane sentimita 12 hadi 15. Tumia biti ya ngazi au biti kali mpya, ubao chini ya shiti, mkono mwepesi. Tundu moja tu, la katikati juu, liache la milimita 5 na nusu. Hilo litakishika kioo pahala pake, mengine yote yatembee.

Tumia bolti za kichwa bapa chini, na washa pana za plastiki au raba. Usitumie skrubu za kichwa cha koni. Koni inaingia kwenye tundu kama kabari inayopasua kuni. Kati ya shiti na bodi weka utepe wa raba ya EPDM, nyeusi, kama ile ya milango. Raba nyepesi za PVC zina mafuta yanayohamia kwenye polikaboneti na kuidhoofisha polepole.

Funga kivulini, asubuhi ikishachangamka lakini jua halijawa kali, ili kila bolti ikae katikati ya tundu lake na kioo kipate nafasi ya kutanuka na ya kujikunja. Anza na ile ya katikati juu, kisha nenda kulia na kushoto kwa zamu, chini mwisho. Kaza kwa vidole mpaka washa iguse, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha. Ukibonyeza kioo karibu na bolti kiwe kinateleza kidogo chini ya washa. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, ili zisifunguke zenyewe.

Hapo kwenye nati nikutahadharishe kwa jambo lililonigharimu. Miaka mingi iliyopita sikuwa na nati za nailoni, nikatia matone ya ile gundi ya maji ya kufungia nati. Jioni kazi ilikuwa safi. Asubuhi kila bolti ilikuwa imezungukwa na nyufa kama miale ya jua, kioo kizima kimekwisha, na gari lilitakiwa mstarini Jumamosi. Nilimlipa mteja shiti nzima. Gundi ile ni sumu kwa polikaboneti, na ubaya wake ni kwamba haiui mbele ya macho yako. Pamoja nayo weka petroli, thina, asetoni, mafuta ya breki, na dawa za kusafishia vioo zenye amonia. Silikoni inayonuka siki nayo usiitumie. Ipo isiyo na harufu hiyo, na ndiyo unayopaka kuzunguka ukingo kuzuia maji, mstari mwembamba, mwisho kabisa.

Dirisha la nyuma la Impreza lina mpindo. Shika rula ndefu uipitishe juu ya kioo cha zamani, kwa upana na kwa urefu. Ukiona linapinda kwa mwelekeo mmoja tu, shiti ya milimita 4 itakubali kulazwa bila moto, mradi mpindo usiwe mkali kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 60, na kama ina tabaka gumu uwe mpole zaidi ya hapo. Ukihitaji watu wawili wa kuikandamiza ndipo bolti ziingie, acha; unafunga kitu kilicho tayari kupasuka. Na usije na bunduki ya hewa moto. Polikaboneti inanywa unyevu wa hewani. Lazima ikaushwe kwa saa kadhaa kwenye tanuri la nyuzi 120 kabla ya kufinyangwa kwa joto la nyuzi 180 hivi, la sivyo unyevu unachemka ndani na kujaza mapovu. Kama mpindo ni wa pande mbili, agiza kilichofinyangwa kiwandani. Uingereza wapo wanaotengeneza vioo vya namna hiyo kwa magari ya mbio.

Mwisho, kata vipande viwili vya alumini bapa, upana wa sentimita 2 na nusu, vipite juu ya kioo kwa nje kutoka juu hadi chini, na raba chini yake. Hewa ya ndani ya gari linalokimbia inasukuma dirisha la nyuma litoke. Vipande hivyo vinalizuia.

Milango ya nyuma kanuni ni zilezile, ila kwa kuwa haina fremu, simamisha alumini ya pembe mbili kutoka ndani ya mlango, moja ukingo wa mbele na moja wa nyuma, shiti ifungwe hapo na chini. Juu iegemee raba ya bodi kwa shinikizo dogo. Ukishafunga yote, kumbuka umepoteza njia ya kushusha vioo vya nyuma na nyaya za kukausha ukungu. Polikaboneti haipitishi joto upesi kama kioo, hivyo ukungu unapungua, lakini tundu la hewa lenye kifuniko upande mmoja wa nyuma litawasaidia sana mkiwa na helmeti kichwani.

Kuosha: mwagia maji mengi kwanza mpaka vumbi lote liteleze, kisha sabuni ya vyombo na maji vuguvugu kwa kiganja chako mwenyewe. Kiganja kinahisi punje ya mchanga, sponji haihisi. Waambie na vijana wa kuosha magari, maana wao kitambaa chao kimeshafuta rimu za magari kumi kabla ya lako.

Baada ya kilomita hamsini za kwanza za vumbi, na tena baada ya wiki moja ya kwenda Boma na kurudi, zunguka gari na tochi usiku. Mulika kila tundu kwa ubavu. Ukiona uzi mweupe unatoka kwenye tundu, legeza bolti hiyo na utazame kama imegusa ukuta wa tundu. Ikiwa imegusa, litanue kwa faili la mviringo kuelekea upande inakosukumwa, ulainishe, urudishe. Na hicho kipande cha akriliki kilichomeguka usikitupe. Kiweke mezani pembeni ya shiti mpya siku ya kutoboa, matundu yake yakiwa juu, fundi wako ayatazame kabla hajashika drili.